Kona ya Bibi

Upande wa Chiungutwa, kabla barabara ya lami haijaanza kuupanda mlima wa Newala, inafuata mto wetu kwa mwendo mrefu, kisha ghafla inaukwepa na kushika mwinuko. Makondakta wanapaita Kona ya Bibi. Abiria wageni hudhani kuna bibi aliyegongwa na gari pale. Hakugongwa mtu. Bibi mwenyewe ni mama yangu, yu hai, na kona ni yake.

Wapimaji wa barabara walikuja kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu. Wakapigilia vigingi vyekundu kandokando yake, chini kabisa ya shamba letu, bila kugusa mkorosho hata mmoja. Majirani ambao kuta zao zilichorwa alama ya X walitununia. Mimi nilifurahi, sitadanganya.

Mama alivitazama vile vigingi siku mbili. Siku ya tatu akajitanda kanga, akaniambia nimfuate, tukaenda kwa kiongozi wa wapimaji, kijana wa mjini mwenye kofia ngumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barabara umeitandika kwenye kitanda cha mto."

"Mto gani, mama? Mbona hapana hata tone?"

"Mwenyewe amesafiri. Akirudi atataka kitanda chake."

Kijana akacheka kwa adabu. Mama akamwonyesha safu ya mikorosho mikongwe aliyoipanda babu yangu. Mkorosho, alimweleza, hauvumilii kusimama majini. Ukiuona umezeeka mahali, jua mto haujawahi kufika hapo.

"Baba yangu hakuwa na mashine ya kuchungulia kama yako. Alipanda kila mahali, akaona ipi imekufa na ipi imepona. Barabara ipitishe hapa, katikati ya iliyopona."

Kijana akanitazama mimi, kisha mama. "Kumbe mama unatafuta fidia."

Sijapata kumwona mama amekasirika vile. Hata sauti hakuipandisha.

"Fidia mtanipa mara moja. Mikorosho hii hunipa kila msimu. Sasa sikiliza. Masika moja, huyu akiwa mdogo bado, nilishikwa na uchungu, gari la kunipeleka hospitali Masasi likakwama hapo hapo ulipopigilia kigingi chako. Maji yalifika dirishani. Mtoto nilimzika kabla sijampa jina. Andika na hilo kwenye daftari lako."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na ndiyo kwanza nasikia kwamba niliwahi kuwa na mdogo wangu. Kijana akavua kofia.

Walirudi na wakubwa wao mara tatu, wakachimba mashimo, wakapima udongo, wakabishana. Mwishowe vigingi vikahamia juu, na X zikachorwa kwenye mikorosho yetu. Wapo waliosema bibi amerukwa na akili, mtu anajiitia shoka shambani mwake.

Siku ya kukata, mama alikuja na kigoda, akakaa. Walipoufikia mti wa katikati akasimama, akaugusa, akaniita.

"Kitovu chako tulikizika hapa," alisema.

Mwenye msumeno akasita. Nilitaka kumwambia auache mti huo mmoja tu, lakini barabara haikwepi mti mmoja.

"Haya, kata, baba," mama akamwambia.

Masika ya kwanza baada ya lami, mto ulirudi kutoka safari yake. Ulijilaza pale pale vilipokuwa vigingi vya mwanzo, mpana, mwekundu, wenye kelele. Juu yake, kwenye lami, gari la wagonjwa likapita kuelekea Masasi, halikupunguza hata mwendo. Mama alilitazama mpaka likapotea kwenye kona. "Nenda," alisema.

Ninaringa, na sifichi. Watu wakiniuliza kitovu changu kimezikwa wapi, nawajibu: chini ya lami, Kona ya Bibi. Hucheka wakidhani ni utani. Nawaacha wacheke, maana baadhi yao wamepita juu yake na uchungu, wakarudi wamebeba watoto.