Kunde za Marehemu

Juzi sokoni Chake Chake nilimwona kijana akiuza dawa ya majani ya mwarobaini, ya kuulia wadudu wa kunde. Alipofungua chupa, harufu ile chungu ilinirudisha jikoni kwetu Chokocho, alasiri moja baada ya baba kufariki.

Mama alikuwa ndani, katika eda. Shangazi Mize, dada yake baba, aliingia kutoka kondeni na udongo miguuni.

"Wifi, kunde za marehemu zaliwa na wadudu. Majani yashaanza kujikunja."

"Na mie siwezi kutoka," mama alisema. "Basi niletee majani ya mwarobaini na pilipili."

Aliyatwanga mwenyewe, polepole, akayatia maji na kuyakamua kwa kitambaa. Machozi yalimtiririka. Nilidhani ni ukali wa pilipili, nikachukua kipepeo cha ukili nikampepea usoni, naye akaniacha nipepee. Sasa najua kwamba kunde zile ndizo kazi ya mwisho ya mikono ya baba, na mama hakuweza hata kwenda kuzitazama.

Shangazi alibeba ndoo, akaenda kuzinyunyizia kwa kicha cha majani. Kila aliporudi kutoka kondeni siku zilizofuata, mama alimuuliza zikoje kabla hajamjibu salamu.

Zilipona. Zilipokomaa, mama alizipika kwa nazi, akatupakulia sote. Alitia tonge moja mdomoni, likamshinda. Akainuka, akaingia chumbani, na shangazi akatuashiria tule kimya.