Tayari, Madame

Baba yangu, Papa Adalbert, amejitetea kwa sentensi moja tangu mwaka 1957: "Mi nilitafsiria tu yenye ilikuwa mu filme." Shangazi yangu Constance, mdogo wake, hajawahi kuikubali. Kila mwaka, baada ya misa ya kumwombea babu, wawili hawa hugombana kwenye ngazi za kanisa, wazee wazima na mikongojo yao, hadi mimi naona haya.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba alikuwa na miaka kumi na saba, kijana wa Kadutu, mtaa wa Waafrika enzi za ukoloni, mwenye sauti kubwa na mdomo mwepesi, na mapadri walimpa kazi ya kueleza filamu. Jumapili mchana alisimama kando ya kitambaa cheupe na kusema kwa Kiswahili yale waliyosema wazungu. Mara nyingi zilikuwa filamu za Kiamerika, za kuchekesha, kuimba na kucheza. Kiingereza hakujua hata neno moja. Alitazama midomo, akabuni, watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Katika filamu hizo mtu mweusi alipita dakika moja tu, na sinia mkononi. Ukumbi mzima uliingoja dakika hiyo. Akitokea tu, watu wanapiga kelele: "Wetu! Wetu!"

Jumapili moja akatokea mmoja mwenye glavu nyeupe, na baba, kwa kutafuta kicheko tu, akamwekea mdomoni sauti ya babu yangu Constantin. Babu alikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, katika nyumba ya wazungu kule Muhumba, mtaa wao, na Kadutu yote ilijua jinsi alivyoitika akiitwa. Baba akainama, akatetemesha sauti: "Tayari, Madame! Tayari, Madame!" Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Babu alikuwa ameketi safu ya tatu, amempakata Constance.

Hakurudi tena kutazama filamu. Jina ndilo lililobaki. Sokoni Tayari-Madame, kanisani Tayari-Madame, na alipofariki, mtu alikuja matangani akauliza kama hapa ndipo kwa marehemu Tayari-Madame. Shangazi ndiye aliyemfungulia mlango.

Mimi nafundisha Kiingereza, na ugomvi wao ulikuwa umenichosha. Kwa yale baba aliyoyakumbuka, nikaitafuta ile filamu kwenye intaneti kwa wiki mbili, nikaipata, nikamketisha baba mbele ya kompyuta. Nakiri nilitaka kumpa ushindi. Umri umekwenda, nilitaka roho yake itulie.

Mwenye glavu akatokea. Tajiri wake akamuuliza kwa hasira kofia yake iko wapi. Nikasimamisha picha, nikamfasiria baba jibu:

"Iko ku kichwa yako, Bwana. Ni mule ndani ndio hamuna kitu."

Kisha yule mtu akaweka sinia chini, akacheza. Hakuinama hata mara moja. Nyota wa filamu, mzungu, akawa anamfuata nyuma kwa hatua za kuhangaika.

"Rudisha," baba akasema. Nikarudisha mara nne.

"Papa, haukujua Kingereza," nikamwambia. "Utajilaumu juu ya nini?"

"Kingereza sikujua. Lakini papa nilimujua."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Babu akirudi nyumbani jioni alikuwa akimwigiza Madame, anavyotafuta miwani iliyo puani mwake, na watoto wakavunjika mbavu.

"Huyu wa kofia ni yeye kabisa," baba akasema. "Nilikuwa na wababa wawili mu kichwa. Nikachukua ule mwenye kuinama, nikawapatia watu."

Iliniuma sana. Nilitaka kumtua mzigo, nikamwongezea. Akaomba simu, akampigia shangazi.

"Constance, ulikuwa na raison, ulisemaka kweli. Sikutafsiriaka. Nilimupatisha papa haya."

 Shangazi akauliza, na haikuwa tena sauti ya ugomvi: "Na ule mutu wa mu filme, kwa kweli alisemaka nini?"

Baba akaanza kumweleza. Alifika kwenye kofia, akashindwa kuendelea, akanipa simu nimalizie.