Mwanangu alipoanza kulalia nondo za dirisha, ukoo mzima ukageuka madaktari

Wakuu, habari za humu. Mlioko Dar mnaolalamikia joto, tupisheni kidogo sisi wa Sumbawanga tunaolala na makoti.

Kisa hiki ni changu na ni cha kweli. Atakayesema ni chai, aje na sukari yake.

Nina binti wa miaka mitano, Anita. Ana usonji. Haongei, lakini tulishazoeana: uji wa ulezi kwenye kikombe chake cha plastiki, vizibo vya soda avipange mstari mlangoni, basi, siku imeisha. Kitu cha chuma, hasa kikiwa cha baridi, hataki kabisa. Ukimpa kijiko cha bati anakirusha mpaka kwa jirani.

Sasa baridi ya mwaka huu ilipokolea, mtoto akabadilika ghafla. Uji anamwaga. Vizibo havigusi. Anapiga kichwa ukutani, ananing'ata, analia mpaka jirani anazima redio ili asikie vizuri.

Hapo ndipo nilipojua nimeolewa kwenye ukoo wa mabingwa.

Baba mkwe kwenye simu: kadekezwa huyo. Wifi: umemzidishia sukari. Jirani, ambaye hata kuku wake wanamshinda, akanishauri nimchape kidogo tu. Ahsante sana jirani.

Kisha akaingia bingwa wa mabingwa, shangazi wa mume wangu kutoka Mpui, na debe la mahindi na majibu yote.

"Mama Anita, mtoto katupiwa kitu huyu. Kuna mtaalamu kule Mtowisa, bondeni, mtoto anaachwa kwake mpaka atulie."

"Aachwe na nani, shangazi?"

"Na mtaalamu. Wewe utamfuata akishapona."

Najua mnacheka, Sumbawanga na uchawi. Haya, chekeni mmalize.

Mimi sikucheka, maana mume wangu, mwanaume mzima mwenye simu janja, alishaongea na dereva wa lori la mpunga. Safari Jumamosi. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa", akaachwe bondeni kwa mtu nisiyemjua! Niliogopa wakuu.

Ijumaa asubuhi, upepo unavuma balaa, nikamkuta Anita kasimama kitandani, kaegemeza shavu kwenye nondo za dirisha. Chuma. Cha baridi. Mtoto huyu huyu! Kafumba macho, katulia tuli.

Nikamtoa, akapiga kelele. Nikamrudisha, akanyamaza. Akaweka shavu lile lile.

Nikamfunga mgongoni, nikamwambia shangazi naenda sokoni kununua nyanya. Nikaenda zangu hospitali, kwa daktari wa meno.

Tulihangaika naye mpaka akafungua mdomo. Jino la nyuma limeoza, fizi imejaa usaha.

"Mama, kwa jino hili hata mimi ningepiga kichwa ukutani," daktari akasema.

Na mimi kila asubuhi nambembeleza anywe uji ungali wa moto, eti baridi! Roho iliniuma jamani.

Jino likang'olewa, tukapewa dawa. Haukupita muda, vizibo vikarudi mlangoni na mimi nikarudi kuvikanyaga.

Lori likaondoka bila sisi. Mume wangu siku hizi anamulika meno ya mwanawe kwa tochi ya simu kila jioni, utadhani kasomea. Shangazi naye anatangaza Mpui nzima kwamba kile kitu kilisikia jina la Mtowisa kikakimbia chenyewe. Hongera zake.

Wakuu wenye watoto kama wangu, mtoto akibadilika ghafla anzeni na mwili. Meno, masikio, tumbo, choo. Kelele zile ndiyo maneno yake. Mpelekeni hospitali kabla ya kuitisha kikao cha ukoo.

Wenye uzoefu karibuni mtufundishe. Wa "mchape kidogo tu", piteni kimya kimya.

Naishia hapa. Anita kaja sasa hivi, kanishika mkono, kauweka tumboni kwake na kaung'ang'ania. Hajawahi kunionyesha panapouma tangu azaliwe. Naandika huku machozi yananitoka.

Shangazi akiniulizia, nimeenda kununua nyanya.