Siku Tuliyomficha Daktari

Mimi si mtu wa kutulia. Nikisubiri jambo, kiti kinaniwasha. Msimu ule wa mvua, mahindi yakiwa yamefika magotini, nilikuwa nasubiri vibali vya daktari wetu wa mifupa, na kiti changu cha ofisini kilibaki na kazi ya kushika koti tu.

Mimi ni afisa utumishi wa hospitali moja hapa Songea. Likizo, uhamisho, ugomvi wa zamu, vyote vinapita mezani kwangu. Daktari huyo alikuwa raia wa Malawi, bingwa wa mifupa ya watoto, na pale kwetu hatukuwa na mwingine. Mtaalamu wa nje anahitaji vibali viwili, kwanza cha kazi, kisha cha ukaazi. Vyake vyote vilikuwa ukingoni. Maombi ya kuvihuisha tulishapeleka, na kila nikifungua kompyuta nakuta neno lile lile: yanashughulikiwa. Vya zamani vikiisha kabla vipya havijatoka, hagusi mgonjwa.

Na wagonjwa wenyewe hawakuwa wa kungoja. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Namasakata, kule Tunduru, mwenye mtoto mchanga aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani. Daktari aliinyoosha miguu ile kidogo kidogo, na kila wiki aliifunga hogo jipya la plasta. Ukikatiza katikati, miguu inarudi ilikokuwa. Mama yule alikuwa ameacha shamba lake na watoto wengine kwa bibi yao. Kila tukikutana koridoni alinisalimia, kisha akaniuliza kama daktari bado yupo. Nilimjibu yupo, kwa ukali, maana nilikuwa najijibu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mtaa mzima ulishasahau kuwa daktari si wa hapa. Wangoni walipotoka kusini zamani, wengine walibaki upande wa pili wa ziwa, kule Malawi, na yeye ni wa hao. Jina la ukoo wake ni lile lile la ukoo wa mama yangu. Alipopanga chumba cha uani kwetu Mjimwema, mama alimhoji juu ya babu zake mpaka akaridhika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakuingoja hiyo ya tatu. Kila Jumamosi daktari bingwa alikuwa shambani nyuma ya nyumba akipalilia, na mama akimkosoa kwamba anakata mizizi. Alimwita mwanangu. Mjomba alipofariki, siku ya kuondoa matanga wanaukoo waliketi mkekani kunyolewa, naye akaketi nao. Mama mwenyewe alishika wembe. Kwetu, ukishanyolewa pamoja na watu, umekuwa wao.

Ndiyo maana Jumatatu ile mambo yakaharibika. Afisa wa uhamiaji alikuja kuhakiki. Alitaka tu kumwona mtaalamu kwenye kituo chake cha kazi, aangalie pasipoti, aende zake. Mimi nilikuwa kikaoni, na getini alimkuta mlinzi wetu, mzee wa ukoo ule ule. Mlinzi aliposikia uhamiaji alielewa jambo moja: wamekuja kumchukua mtoto wetu. Akajibu kwa heshima zote kwamba hospitali hii haina raia wa nchi nyingine, labda wajaribu Tunduru kwa wanunuzi wa vito. Manesi wakaunga mkono. Mmoja wao alimwendea daktari, akamwambia mama anamwita nyumbani haraka, apite mlango wa nyuma. Akaenda, mtiifu kama kawaida yake, na mama akafurahi kumwona, akampa viazi.

Afisa aliandika kwamba mtaalamu hakuonekana kituoni.

Mchana nikapigiwa simu. Sauti ya upole iliniambia kuwa maombi yanasimama mpaka ieleweke kama mtu huyo yupo kweli. Nilishuka ngazi mbili mbili hadi getini. Mlinzi alinipokea akitabasamu, akingoja nimsifu. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, kisha ndipo nikamwamkia shikamoo. Hasira ilitangulia, adabu ikafika nyuma yake.

Nilikwenda ofisini kwao, nikaeleza, nikabembeleza. Afisa alikuwa kijana asiye na makuu. Alikubali kurudi Alhamisi, ila akasema hiyo itakuwa mara ya mwisho. Katikati hapo sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Nilizunguka wodi zote nikiwaonya watu: akija, semeni kweli. Niliwaonya wote, hadi wafagizi. Mama yangu sikumwonya, kwa sababu mama yangu si mfanyakazi wa hospitali.

Alhamisi afisa alikaa ofisini kwangu, daktari mbele yake, pasipoti juu ya meza. Nikaanza kupumua. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia amejifunga kitenge chake cha kanisani, na nyuma yake mlinzi, ambaye bila shaka ndiye aliyempelekea habari. Afisa akasimama, akamwamkia, akampa kiti. Mama akamweleza taratibu, kwa fahari, kwamba amekuja kumaliza usumbufu. Huyu ni mtoto wa ukoo wake, ni damu yao, amemnyoa kwa mkono wake huu. Mtoto aliye kwao anaombewa vibali vya nini?

Maombi yetu yote yalisema raia wa Malawi. Kama ni mtoto wa hapa, sisi ni waongo. Kama ni raia wa Malawi na tulimficha, bado ni waongo. Nilitamani kumziba mama mdomo, mama yangu mzazi, na sikuona haya kutamani hivyo.

Afisa hakubishana naye. Alimgeukia daktari.

"Daktari, huyu mama ni nani kwako?"

Daktari alitazama pasipoti. Kisha akatazama nje ya mlango, ambako mama wa Namasakata alikuwa benchini na mtoto wake, mahogo mawili yakining'inia mapajani.

"Ni mwenye nyumba wangu," alisema. "Sina ndugu hapa. Nimekuja kufanya kazi."

Afisa akaandika, akampa mkono, akaondoka. Mama alinyanyuka polepole. Alituomba njia apite, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Mlinzi alimfuata akiangalia viatu vyake.

Vibali vilitoka kabla vya zamani havijaisha. Mama wa Namasakata alipoambiwa alikaa chini pale pale koridoni, akacheka mpaka mtoto akaamka. Nilifurahi, kusema kweli nilifurahi sana, lakini kiti kiliendelea kuniwasha.

Jumamosi asubuhi daktari alitoka uani amevaa viatu vyake vya shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akanyoosha mkono kuchukua jembe lake, lililoegemea ukuta wa jiko. Mama akaliwahi. Aliingia nalo ndani, akatoka na kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma ambacho sisi wa nyumbani hatukikalii. Akakiweka kivulini, akakipangusa kwa ncha ya khanga.

"Karibu ukae, daktari," alisema. "Chai inakuja, na kuku yuko jikoni."

Daktari alisimama kidogo, kisha akakaa, mikono juu ya magoti. Mama alirudi kuchukua lile jembe, akainama, akaanza kupalilia peke yake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya kiti na shamba, sijui niende upande gani.