Niligawa leso zangu kabla ya kutolewa titi, kisha nikarudi mzima

Wakuu, salamu kutoka Ganda. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Shule niliishia darasa la tatu, mtanisamehe nikikosea. Lakini haya yamenipata mwenyewe.

Uvimbe niliugusa nikioga. Nikanyamaza, mpaka mjukuu wangu Kache aliponiona nashindwa kuinua ndoo. Akanipeleka hospitali. Majibu: saratani, titi litolewe.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijua sirudi.

Basi nikafungua sanduku. Wanawake wa huku mtanielewa, leso nzuri, wengine mwaita kanga, haivaliwi, huwekwa. Nilikuwa nazo nne, hazijakatwa wala kupindwa. Moja nikampa wifi yangu Sidi, moja jirani yangu Mbeyu, moja Dama tunayeimba naye kanisani. Ya nne nikamwambia Kache ndiyo ya kunifunika.

Akasema, "Hawe, bibi yangu, waenda kutibiwa ama waenda kuzikwa?"

Mimi nikafunga sanduku.

Nikakatwa. Kisha chemo. Nywele zikaisha, hata uji ukawa wanuka chuma. Kitanda cha pili alikuwa Bi Zuhura wa Junju, tukichekeshana kwa vipara vyetu. Yeye hakurudi kwao. Namtaja hapa ili jina lake lisomwe.

Mimi daktari akaniambia nimepona, niwe naenda kuangaliwa tu.

Nilipofika nyumbani, Mbeyu na Dama walikuja na leso zangu zimekunjwa vile vile. Wakaniwekea mapajani. Kumbe walikataa kuzivaa nikiwa hai.

Sidi akaja ameivaa yake. Ameikata, ameipinda, imeshafifia kwa kufuliwa.

"Mimi sirudishi, wifi," akasema. "Uliniambia wafa. Kama umebadilisha nia, shauri yako."

Nilicheka mpaka kovu likaniuma. Na wallahi ile iliyofifia ndiyo niliyoiona imependeza kuliko zile mbili.

Kesho yake nikamwambia Kache alete ile ya kunifunika, aikate, aipinde. Nikaivaa kwenda kuokota korosho. Sasa ina doa la bibo, lile tunda la mkorosho, na doa la bibo halitoki. Upande mmoja wa kifua inalala bapa. Sijifichi.

Ukigusa uvimbe, sema siku hiyo hiyo, usifanye kama mimi.

Na wewe unayesoma, umeweka nini sandukuni? Niandikieni hapa chini, na majina yenu. Mimi jina nikilisikia silisahau.