Fundi Prudence kanyoa, lakini hapokei pole

Soko la Bunia ndiyo kwanza linafagiliwa, na cherehani ya Prudence tayari inalia kwenye baraza la kibanda chake. Mezani pana kitambaa cha bluu iliyoiva, cha sare za shule. Fundi ameinama, kichwa kimenyolewa kikabaki kitupu, miguu haiachi pedali.

Mwanamke anayepita na beseni la mihogo anasimama ghafla. Ameona kile kichwa.

“Mama yangu weee! Njo kusema Osée amekufa?”

“Hapana, mama. Ni mba,” Prudence anajibu bila kuinua macho.

Swali hilo hulijibu karibu kila siku, na limeshamchosha.

Osée ni mume wake. Kabla vita havijawafukuza kwao Bule, alikwenda Kilo kuchimba dhahabu. Kijiji kikachomwa, Prudence akakimbilia Bunia na mama mkwe wake, Mama Scholastique. Tangu hapo hakuna simu wala salamu, na huu ni mwaka wa pili. Katika ukoo wao, mwanamume akifa, mke wake hunyoa nywele, na mama yake hunyoa pia. Asiyenyoa bado anangoja.

Sasa mba nayo ikachagua wakati wake. Ilianzia kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ikapanda kichwani: mwasho wa kumnyima mtu usingizi, na magamba meupe yenye mafuta. Prudence alidhani ni ukavu. Akafanya wanavyofanya wengi: akapaka mawese, akasuka nywele, akafunga kitambaa juu. Loo, kumbe alikuwa anaulisha ugonjwa.

Magamba yakawa yanaangukia kazi. Martine, mkuu wa shule aliyeagiza sare, alizitoa kwenye mwanga, akazipangusa kwa kiganja, akazipangusa tena.

“Prudence, miye sikuchukie,” alimwambia. “Lakini wazazi watasema sare iko na ugonjwa. Utengeneze ile kichwa, ama nipeleke kazi kwa mwengine.”

Kazi hiyo ndiyo inayowalisha wanawake wawili. Hawana shamba tena, hawana ng'ombe, hawana ndugu mjini. Prudence akaenda kwenye kituo cha afya cha mtaa kumwona muuguzi anayeitwa Donatien.

“Haiambukize,” Donatien alimwambia. “Si uchafu, na hakuna mutu amekuloga.”

Kwa maelezo yake, kuna kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na wanapenda penye mafuta. Wengi wetu hata hatuwasikii. Kwa wengine ngozi huwakasirikia, ikawasha na kubanduka. Hofu na kukesha huzidisha. Ugonjwa huo hutulizwa tu, hauondoki moja kwa moja. Muuguzi akaagiza shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki, povu liachwe kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Kucha zikae mbali. Mawese yarudi jikoni.

Prudence alijaribu, lakini nywele zilikuwa nyingi na dawa haikufika vizuri kwenye ngozi. Donatien akasema kwamba zikikatwa, kazi itakuwa rahisi. Hapo mwanamke akaangua kilio. Muuguzi, mgeni katika mji huu, alidhani analilia urembo.

“Nilimuambia, ‘Docta, weye unaniomba nizike bwana yangu,’” Prudence anakumbuka.

Aliyekata shauri ni Mama Scholastique. Si mtu wa maneno mengi. Mwandishi huyu alipomuuliza, alijibu kama anayefukuza kuku jikoni.

“Nilimuambia akate. Njaa haiulize mila ya mutu! Nywele yake ikatwe, ya kwangu itabaki. Miye njo nilimuzaa Osée. Mwenye anatafuta habari yake aangalie kichwa yangu.”

Tangu siku hiyo bibi huyo amevua kilemba. Anashinda barazani kando ya cherehani akishona vifungo, mvi zake zikiwa wazi kwa kila mpita njia. Kanisani wamenong'ona weee mpaka wamechoka.

Mwanamke wa mihogo bado hajaridhika. Machozi yanamlengalenga.

“Na miye unaniona aje?” Mama Scholastique anamuuliza, akiinua kidevu.

Mwanamke anaziangalia zile mvi, anashusha pumzi, anaendelea na safari yake.

Mba imetulia. Hurudi kidogo wiki ambayo milio ya bunduki imesikika upande wa Djugu, na Prudence huanza tena kuosha. Martine alizichukua sare zake, akaagiza nyingine. Fundi anataka cherehani ya pili, amfundishe kazi msichana mmoja wa kambi ya wakimbizi.

Na Osée je?

“Akirudi, atacheka hii kichwa mpaka achoke,” anasema, na yeye mwenyewe anacheka.

Na asiporudi?

Pedali inasimama. Mama Scholastique ameingia ndani kutafuta uzi. Prudence anapunguza sauti.

“Mama iko na watu wake wa Kilo. Habari ikitoka kule, itafika kwake mbele, kwangu nyuma. Hataweza kuniambia, namujua, mudomo wake utakataa. Njo maana kila asubuhi, mbele ya kumusalimia, naangalia kichwa yake.”