Niliangalia Kwetu Kutoka Angani, Nyumba ya Mama Haipo

Nyumba ya mama yangu ilipotea mchana kweupe, na mtu wa kwanza kuona ni mimi.

Tena sikuwa hata karibu. Nilikuwa ofisini Tokyo, nimekodolea macho kompyuta.

Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti. Likitokea janga, picha zinashuka ofisini kwetu, tunalinganisha ya zamani na ya leo. Nyumba iliyoanguka tunaiwekea alama nyekundu kwenye ramani. Waokoaji walioko huko wanafuata nyekundu zetu.

Asubuhi ile tetemeko lilikuwa limepiga rasi ya kwetu. Barabara zimekatika, mtandao hakuna. Nilimpigia mama mpaka simu ikapata moto.

Wapi!

Picha zikaingia. Bosi wetu, Isogai, akaanza kugawa vijiji.

"Urashiri nani anachukua?"

"Mimi."

"Shuhei, si ndiko kwenu?"

"Ndiko."

Akanitazama sana. "Usije ukanichorea ramani kwa machozi."

"Nipe tu, bosi."

Nikavuta picha. Hekalu hilo hapo, limesimama. Mashamba ya vitunguu. Uchochoro wetu. Nikafika nyumbani.

Patupu.

Picha ya mwaka jana: paa letu jeusi la vigae. Picha ya leo: udongo.

Nikasogeza mshale kwenye rangi nyekundu.

"Subiri kwanza."

Alikuwa Hinako, dada wa ofisini tunayekaa naye meza moja.

"Nisubiri nini?"

"Nyumba ikianguka, paa linalala chini, vigae vinatapakaa. Hapa kifusi kiko wapi?"

"Kimefukiwa!"

"Kimefukiwa na nini? Mlima uko kule, na haujaporomoka."

"Hinako, huyo ni mama yangu!"

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Isogai akaja akasimama nyuma yangu.

"Timu iliyoshushwa huko na helikopta ni moja," akasema taratibu. "Ukiweka nyekundu, watachimba. Na watakapokuwa wanachimba hapo, hawako kwingine. Kama huwezi, mpe Hinako amalizie."

"Naweza."

"Basi niambie jicho lako linaona nini. Sijauliza moyo."

Nikainuka. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikakaa, nikainuka tena. Chini watu walikuwa wanavuka barabara na kahawa zao mkononi, wanacheka. Nikawachukia wote.

Jicho langu liliona kiwanja kimesawazishwa. Moyo ulimwona mama chini yake, anakosa hewa.

Nikalazimisha macho yaende nyumba ya jirani. Ng'ambo ya uchochoro anakaa mzee Tokuji, alikuwa akituletea barua enzi za utoto wangu. Paa lake lilikuwa limekaa upande, na kivuli chake kimekuwa kifupi. Maana yake ghorofa ya chini imelaliwa. Pale hapakuwa na ubishi.

Nikaweka nyekundu kwa Tokuji.

Kwa mama nikaandika: *hakuna jengo*.

Nilipobonyeza kutuma, nilikimbilia chooni nikajifungia. Hinako alinifuata na maji, akasimama mlangoni. Nilijiona nimemzika mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ya ofisi ilipoita. Isogai akasikiliza, akanipa.

"Wewe ndiye uliyechora Urashiri?" Sauti ya mwanamume wa timu ya uokoaji, kwa simu ya setilaiti, nyuma yake upepo mtupu.

"Ndiyo."

"Kwenye ile nyekundu ya uchochoroni tumetoa watu wawili. Meza ndiyo ilibeba dari. Mzee kavunjika mguu. Bibi hana hata mchubuko, ila mdomo anao! Tangu tumtoe anatugombeza tumekanyaga maua yake. Anasema mwanawe anafanya kazi ya picha za angani. Tukaona tuulize."

Nikamwomba ampe simu.

"Shu?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama! Kwa Tokuji ulikuwa unafanya nini?"

"Naishi hapa."

"Unaishi? Na nyumba yetu?"

"Nilileta watu wa buldoza wakaibomoa. Ilikuwa inavuja, na wewe mwenyewe huji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Mama akaendelea.

"Halafu nianzeje? Mtu mzima nimepata mchumba, nikajieleze kwa mtoto niliyemfuta makamasi?"

Kwa mbali nikasikia sauti ya mzee Tokuji inaguna kwa maumivu: "Fusae, mwambie mwanetu namsalimia."

Mwanetu!

Nilikaa palepale sakafuni, nacheka huku nalia. Hinako naye akaanza kulia, hata hajui kinachochekesha.

Baadaye ndipo nilipopiga hesabu. Kama ningeufuata moyo, wale waokoaji wangechimba kiwanja kitupu mpaka giza liingie, na mama yangu yuko hatua chache tu kutoka kwao, chini ya meza, anawasikia wanavyohangaika.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma hapa: siku maisha ya watu yakiwa mkononi mwako, andika unachokiona, hata kama kinakuchoma.

Na mama yako mpigie siku ambayo ardhi imetulia. Unaweza kukuta ameshahama.